Jioni ya hadithi Makunduchi: mtambaji hana mfano, lakini huduma imemnyima hadhira

Nafundisha fasihi simulizi katika skuli ya sekondari hapa Mjini Unguja, na huu ni mwaka wangu wa 19. Fanani (yaani mtambaji), hadhira (wanaomsikiliza na kumwitikia), utendaji: maneno hayo nayaandika ubaoni kila mwaka, wanafunzi wanayanakili, wanayajibu kwenye mtihani, na wengi wao wanaondoka skuli bila kuwahi hata siku moja kukaa mbele ya mtu mzima akawatambia hadithi tangu paukwa mpaka mwisho wake. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna vijana Makunduchi, kusini mwa Unguja, wameanzisha "jioni ya hadithi", unalipa, unakaa uani kwa bi mkubwa mmoja, naye anatamba ngano za kale, sikungoja. Nilimchukua mama yangu, ambaye ana miaka 72, na wanangu wawili, wa kike wa miaka 13 na wa kiume wa miaka 9, tukaenda Jumamosi.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kwenda, na zaidi kwa wale vijana wenyewe, maana nawatakia kheri na nataka kazi yao idumu. Bi mkubwa aliniomba nisimtaje jina, na huduma nayo siitaji. Ukifika kijijini ukamuulizia bibi anayetamba hadithi, mtoto wa kwanza utakayemkuta atakupeleka.

Tulipanda gari ya abiria namba 310. Kwenye msitu wa Jozani dereva alipunguza mwendo kwa sababu kima punju walikuwa wanavuka barabara, mmoja kampakata mtoto tumboni, na mwanangu wa kiume akawahesabu: saba. Kitogani tukaiacha njia ya Paje, tukashika ya Muyuni, mpaka Makunduchi, kwenye zile fleti za enzi ya Mzee Karume. Kijana wa huduma alikuwa ameshafika, anatusubiri. Hapo hawana kosa. Walipokea simu mara ya kwanza tu nilipopiga, walieleza bei bila kuzunguka (shilingi 15,000 kwa mkaazi, mtoto nusu, mgeni wa nje dola 20), na aliyetupokea alimbebea mama mkoba wake njia nzima bila kuombwa.

Chai sitaisema sana. Ilikuwa ya mchaichai, imeshapoa, na vikombe vilikuwa sita kwa watu kumi, kwa hiyo tulisubiriana. Mkate wa kumimina ndio uliotuliza mambo: hiliki inasikika, tui halikubaniwa, kingo zimekauka vizuri na katikati laini. Mama alikula vipande vitatu, na yeye ni mtu wa kula nusu kipande akasema ameshiba.

Uani palikuwa pamefagiwa, pana mti mmoja wa mkungu wenye kivuli kikubwa. Vijana walikuwa wamepanga viti vya plastiki safu mbili, na mbele yake wametandika mkeka wa ukili, hapo ndipo bi mkubwa alipoketi. Maana yake wasikilizaji wote walikuwa juu na mtambaji chini. Mama alikitazama kiti alichopewa, akashukuru, akavua viatu, akaenda kukaa mkekani ubavuni mwa mwenyeji. Wanangu wakamfuata. Wakatoa shikamoo zao, wakaitikiwa marahaba moja moja, kila mtoto akiulizwa ni wa nani na bibi yake mzaa mama ni nani, mpaka mama na bi mkubwa wakagundua kwamba wanajuana na watu walewale. Yule kijana mkalimani alitazama saa yake mara mbili. Laiti angejua kwamba hadithi ilikuwa imeshaanza.

Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado kali. Wageni wengine sita walitoka hoteli za pwani, watu wazima wenye adabu, simu zao wamezizima kama walivyoombwa. Kabla hatujaanza palikuwa na watoto wa mtaani mlangoni, wanane au kumi, wasichana wawili bado wana ushungi wa madrasa. Kijana mmoja akawapungia mkono: "Nendeni, nendeni, leo kuna wageni." Wakaondoka.

Bi mkubwa akakohoa kidogo, akainua kichwa.

"Paukwa!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili ulioitoa. Akajibu mkalimani peke yake, "Pakawa," kwa sauti ya chini, kwa kutimiza wajibu. Wageni walitabasamu. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia kwamba neno lile ni mlango na wao ndio wa kuufungua.

"Paukwa!"

"Pakawa!" Hapo ni mama yangu. Bi mkubwa akamgeukia mwili mzima.

"Sahani?"

"Ya mchele!"

"Giza?"

"La mwizi!"

Bi mkubwa akaanza, "Kaondokea Chenjagaa," na kabla hajavuta pumzi tukasikia nyuma ya ua wa makuti sauti nyembamba nyingi kwa pamoja: "Kajenga nyumba kakaa! Mwanangu Mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupitia!" Ni walewale watoto waliofukuzwa. Hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa wamejibanza kwenye makuti, macho kwenye matundu, wanasubiri zamu yao ya kuitikia.

Katika miaka 19 ya kuandika neno "hadhira" ubaoni sijawahi kuliona likiwa na mwili namna ile. Naomba vijana wa huduma wanisikilize hapa kuliko pengine popote: mlichokifukuza mlangoni ni nusu ya kile mlichotuuzia.

Hadithi ilikuwa ya Kima na Papa. Wengi mnaijua. Kima anakaa kwenye mkuyu ambao matawi yake nusu yako bara na nusu yako juu ya maji, anamtupia Papa matunda kila siku, mpaka Papa anamwalika kwao. Lakini bi mkubwa hakusema "palikuwa na mkuyu". Alinyoosha kidole kuelekea pwani: "Ule pale, kabla haujakatwa." Mwanangu akageuka kutazama, akauliza kwa sauti, "Kima mwenyewe ni katika wale wa Jozani?" Bi mkubwa hakukata uzi hata kidogo. "Mmoja wa wale. Hao uliowaona wewe ni wajukuu zake." Mkekani tukacheka, nyuma ya makuti wakacheka, na wageni wakatutazama wanataka kujua kimetokea nini, kwa sababu mkalimani aliliruka hilo. Hakulihesabu kuwa sehemu ya hadithi.

Wamefika kati ya bahari. Papa anamwambia Kima ukweli: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Hapo bi mkubwa alinyamaza. Akaweka kiganja kifuani, akawa anakitazama kile kiganja. Kimya kile kilikuwa kazi ya ufundi, kilimtaka kila mmoja wetu ajiulize angejibu nini. Mkalimani akakijaza. Alidhani ni nafasi yake ya kutafsiri, akatafsiri, na bi mkubwa akasubiri kwa heshima mpaka alipomaliza, kisha akaendelea kwa kujibu kama Kima: "Mbona hukuniambia tukiwa pwani, ndugu yangu? Sisi tukitoka matembezini mioyo tunaiacha mtini." Sentensi ile ilitakiwa ituangukie ndani ya kimya. Ilituangukia baada ya maelezo.

Ilikuwa hivyo kila baada ya dakika moja. Kijana anajua lugha ya wageni vizuri na ana nia njema, sina shaka naye. Nilichokiona ni kwamba hadithi haivumilii kukatwakatwa namna ile. Ningeshauri muhtasari uandikwe kwenye karatasi, mgeni aupate na chai yake, aujue mkondo wa kisa kabla, kisha mtambaji aachwe aende moja kwa moja. Sauti, mikono na macho ya bi mkubwa vinafika bila mkalimani. Alipomfanya Papa, shingo yake ilizama mabegani na maneno yakatoka polepole kutoka tumboni. Alipokuwa Kima, vidole havikutulia. Yule mama wa kigeni aliyekaa mwisho aliacha kumsikiliza mkalimani kabisa, akawa anatazama mikono tu.

Kima amerudishwa pwani, amerukia mtini, kimya. Papa anaita. Kima anajibu: unataka nifanye kama punda wa dobi? Na punda wa dobi ni yupi? Ndiye asiye na moyo wala masikio. Ndani ya hadithi ikafunguka nyingine, ya Sungura aliyemshawishi punda amfuate kwa Simba mara moja, punda akaponea chupuchupu, na akashawishika tena mara ya pili. Simba ameua, Sungura amekula moyo na masikio kwa siri, na alipoulizwa viko wapi akasema punda huyu hakuwa navyo, lau angekuwa navyo, angerudi? Watoto nyuma ya ua walijibu swali lile kabla ya Simba. "Asingerudi!"

Ikafuata hadithi ya pili, ya binti aliyepotelea mwambani, na hii sitawaeleza kwa sababu haikufika mwisho. Gari ya hoteli ilikuja ikapiga honi. Wageni wana chakula chao saa moja, dereva ana ratiba yake. Mkalimani akasema asanteni, makofi yakapigwa, viti vikaanza kukunjwa. Bi mkubwa alibaki amefunga mdomo. Hakusema yale maneno ya kufungia, kwamba hadithi ikiwa njema ni ya sote na ikiwa mbaya ni yake yeye. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akaniambia, "Nitafungaje mlango na mtoto wa watu yuko nje?"

Sisi tulikuwa tunalala palepale Makunduchi kwa jamaa yake mama, kwa hiyo baada ya Magharibi tulirudi kumwamkia, na hapo hakulipisha mtu. Sehemu hii haimo katika huduma, ila ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilidhani atalaumu simu. Sisi walimu tunalaumu simu kwa kila kitu. Bi mkubwa alicheka, akasema simu ndiyo mgeni wa mwisho kufika. Alivyoeleza yeye, hadithi ilikuwa ya usiku kwa sababu mchana ulikuwa na kazi yake: wanawake wanakwenda kufukua makumbi ya nazi, wanayaponda, na usiku wanakaa pamoja kusokota kamba. Mikono ina kazi, mdomo hauna, basi shangazi yake anatamba. Alizipata hadithi zake zote hivyo, kamba mkononi. Mwaka ilipoanza Televisheni ya Zanzibar, miaka ya 1970, ikiwa ya rangi wakati nchi nyingi za jirani hazikuwa nayo hata ya nyeusi na nyeupe, watu wakawa wanakusanyika kuitazama. "Na mimi nilikwenda," akasema, "na nilipenda." Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja ukulima wa mwani, zao la baharini. Mwanamke akawa na fedha yake. Maji yakipwa yuko baharini, mgongo umeinama, akirudi anaanika, usiku baada ya Isha ni usingizi tu. Kamba za makumbi zikapungua, na mkusanyiko wa kusokota ukapungua pamoja nazo. Hadithi haikukatazwa na mtu. Ilikosa saa yake.

Na hakuujutia mwani. Mabati ya nyumba ile ni ya mwani, na watoto wake wamesoma kwa mwani. Kinachomuuma ni kwamba sasa bahari imepata joto na ile aina yenye bei nzuri, kotonii, inaoza kabla ya kuvunwa, kwa hiyo wajukuu wanakwenda kutafuta kazi kwenye hoteli za Paje na Jambiani. Huko ndiko mmoja wao alikoona wageni wanalipia kutazama ngoma, akafikiri: bibi yangu ana hadithi. Huduma hii imezaliwa hivyo, na naiheshimu zaidi baada ya kujua.

Kisha akatutambia tena, kidogo, sisi na watoto wa jirani waliokuwa wameshaingia bila kuitwa. Binti yangu akaniegemea: "Mama, anasema lugha gani?" Alikuwa ameingia kwenye Kikae, lugha ya Makunduchi yenyewe. Mchana alikuwa anatamba kwa Kiswahili cha Mjini ili mkalimani amfuate, maana kijana yule si wa kule. Mimi mwalimu wa Kiswahili nilikuwa naambulia kama nusu, na mama yangu karibu yote. Tangu Kiunguja cha Mjini kilipochaguliwa kule Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vyetu vya skuli vimekwenda na hicho, na siwezi kulalamika kwa sababu mshahara wangu unatoka humo. Lakini nyimbo zilizomo ndani ya hadithi zile zilitungwa kwa Kikae, na jioni ile ya kulipia hatukuimbiwa hata mmoja. "Ukiutia cha Mjini," bi mkubwa akasema, "wimbo unachechemea." Usiku tuliimbiwa mitatu.

Nimefikiria sana kwa nini Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya hapohapo Makunduchi, haujapoteza wenyewe, ingawa kila Julai wanajaa wageni na kamera zao. Nadhani ni kwa sababu wenyeji hawajaondoka katikati. Wanaume wanapigana kwa migomba kwa ajili yao, wanawake wanaimba wanayotaka kuimba, kibanda cha makuti kinachomwa kwa sababu mwaka umegeuka. Mgeni anakaribishwa sana, lakini anasimama pembeni. Jioni ya hadithi imefanya kinyume. Mgeni yuko katikati kwenye kiti, mwenyeji yuko nyuma ya ua anachungulia tunduni.

Jambo jingine ni malipo. Nilimuuliza kijana waziwazi, naye akanijibu waziwazi, jambo ambalo nampongeza: bi mkubwa anapata shilingi 20,000 kwa jioni, wawe wageni wawili au ishirini. Siku ile tulikuwa kumi, na sita kati yetu walilipa kwa dola. Bi mkubwa hakulalamika, na si yeye aliyenituma. Mimi nasema alipwe kwa kichwa. Hadithi ni zake, sauti ni yake, na ua ni wake.

Basi mwende? Ndiyo, mwende, na mchukue wazee wenu pamoja na watoto, kwa sababu bila mama yangu ile paukwa ya pili ingeanguka chini kama ya kwanza. Ukipiga simu omba iwe baada ya Isha, ulale kijijini, na useme mapema kwamba unataka watoto wa mtaani waingie. Kama hawana nafasi ya viti, viti viondolewe. Mtambaji nampa nyota tano na ningempa zaidi kama zipo. Huduma nyota tatu, na hizo mbili zilizobaki zimekaa nyuma ya ua wa makuti zinasubiri kufunguliwa.

Vijana nimeshazungumza nao haya yote ana kwa ana kabla ya kuandika. Walinisikiliza. Mmoja alisema kuhusu watoto hawakuwahi kulifikiria hivyo, walikuwa wanaogopa kelele. Tumekubaliana turudi Jumamosi ya bamvua lijalo, mbalamwezi ikiwa kubwa, bila gari ya kupiga honi. Nitakuja na wanafunzi wangu 11 wa kidato cha tatu. Mwanangu wa kiume ameniuliza kila siku tangu tulivyorudi kama yule binti bado yuko mwambani, nami namjibu kwamba yuko, maji hayajajaa.